Chombo Kilichokuwa cha Hesabu: Ununue au Upite?



Leo tuongelee usafiri. Umeanza kuuza maharage, mafuta ya alizeti, vitenge au viatu kwa WhatsApp na Facebook. Oda zinakuja, ila kila ukipiga hesabu jioni unaona hela ya bodaboda inakula faida. Halafu unakutana na tangazo: "Boxer inauzwa, injini haijaguswa, bei maelewano." Unauliza kidogo, unaambiwa ilikuwa ya hesabu. Au ni Noah iliyokuwa inabeba abiria. Au ni kirikuu iliyokuwa inakodishwa kwa mizigo. Bei inavutia. Ufanyeje?

Kijiweni utapewa majibu mawili. Wa kwanza atasema, "Chombo cha hesabu usiguse, kimechoka." Wa pili atasema, "Chombo ni chombo, mafundi wapo." Wote wawili wanaweza kukuingiza hasara. Wa kwanza anaweza kukukosesha mali nzuri kwa bei ya chini, na wa pili anaweza kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

Swali lenye faida kwako ni moja: NANI ALIKUWA ANALIPIA MATENGENEZO? Ukipata jibu la kweli la hilo, nusu ya kazi imekwisha. Twende taratibu.

1. VYOMBO VYA KUKODISHA HAVIFANANI

Pikipiki ya hesabu. Hapa tajiri ananunua pikipiki, anampa kijana, na kijana analeta kiasi fulani kila siku au kila wiki. Kinachobaki ni chake. Mara nyingi matengenezo madogo kama oili, pancha na breki ni ya kijana, na makubwa kama injini ni ya tajiri. Sasa fikiria mwenyewe. Kijana hana haraka ya kumwaga oili, maana injini ikifa gharama si yake. Tajiri naye haoni pikipiki kila siku, anaona hesabu tu. Hesabu ikiingia, anaamini mambo ni shwari. Pikipiki inakuwa kama ng'ombe wa watu wawili: kila mmoja anakamua, wa kumlisha hayupo.

Pikipiki ya mkataba. Kijana analeta hesabu kwa mwaka mmoja au zaidi, na akimaliza pikipiki inakuwa yake. Huyu ana sababu ya kuitunza, kwa sababu anajua mwisho wa siku itakuwa mali yake. Imekimbia sana, ndiyo, lakini mara nyingi imekimbia huku inamwagiwa oili. Kati ya hizi mbili, ya mkataba ambayo kijana ameimaliza na anaiuza yeye mwenyewe ina nafasi nzuri zaidi. Tatizo lake huwa upande wa karatasi, tutafika huko.

Chombo ambacho mwenyewe alikuwa anakiendesha. Kuna mtu ana kirikuu yake, anabeba mizigo ya watu, anaendesha mwenyewe na analipia kila kitu mwenyewe. Nacho kilikuwa cha kukodisha, lakini anayekiharibu na anayelipa ni mtu mmoja. Mtu huyo husikia mlio mdogo na anasimama. Hiki kinaweza kuwa bora kuliko gari la mtu binafsi ambaye hajui hata oili inawekwa wapi.

Gari lililokodishwa Japani kabla ya kuletwa huku. Wengi hawajui kwamba baadhi ya magari tunayonunua yametoka kwenye kampuni za kukodisha za kule. Kwa Japani, namba ya gari la kukodisha huwa na herufi ya pekee, inayojulikana sana ni ile inayosomwa "wa". Na karatasi ya mnada huwa na sehemu inayoonyesha gari lilitumikaje. Watu wakisikia "lilikodishwa" wanakimbia. Ila angalia hili: kule gari dogo la mtu binafsi likiwa jipya hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. La kukodisha hukaguliwa baada ya miaka 2, kisha kila mwaka. Na kampuni ndiyo inayolipia servisi. Kwa hiyo neno "kukodishwa" ni lile lile, lakini matokeo ni tofauti na Boxer ya hesabu, kwa sababu mlipaji wa matengenezo anajulikana na ana sheria nyuma yake.

Umeona sasa? Usikatae wala usikubali kwa jina. Uliza nani alikuwa analipa.

2. UMRI WA CHOMBO CHA BIASHARA HAUHESABIWI KWA MIAKA

Muuzaji atakwambia, "Ina miaka miwili tu." Piga hesabu hii.

Tuseme bodaboda inakimbia kilomita 100 kwa siku, siku 6 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka. Hiyo ni kilomita 30,000 kwa mwaka. Miaka miwili ni kilomita 60,000.

Sasa chukua mwalimu anayekwenda shuleni na kurudi, kilomita 20 kwa siku, siku 300. Hiyo ni kilomita 6,000 kwa mwaka. Pikipiki ya mwalimu itahitaji miaka 10 kufikisha kilomita ambazo ya hesabu imezimaliza kwa miaka miwili.

Kwa hiyo usilinganishe mwaka na mwaka. Na usiamini mita peke yake, kwa sababu kwenye pikipiki za biashara kebo ya mita hukatika na hairudishwi. Mita inayosoma kilomita 14,000 kwenye pikipiki ambayo raba za pedali zimelika mpaka chuma, hiyo imesimama zamani. Angalia raba za kukanyagia, raba za mikono, kiti na pedali ya breki. Vitu hivyo havina kebo ya kukata.

Tena barabara ina maneno yake. Iliyokuwa inakimbia kwenye lami ya Sumbawanga–Tunduma siyo sawa na iliyokuwa inashuka na kupanda milima ya kwenda bonde la Ziwa Rukwa ikiwa na gunia nyuma. Ile ya mlimani imekula klachi, breki na shokapu. Uliza ilikuwa inafanya njia gani.

3. MUUZAJI AKIFICHA, UTAJUAJE ILIKUWA YA BIASHARA?

Wapo wanaosema "ilikuwa ya kutembelea tu". Angalia haya:

- Rangi ya kibao cha namba. Kwa Tanzania, kibao cha njano ni cha chombo binafsi, cheupe ni cha biashara. Kibao kinaweza kubadilishwa, kwa hiyo soma na kadi.
- Alama za stika. Chombo cha kubeba abiria kinatakiwa kuwa na leseni ya LATRA. Ukiona mabaki ya stika kwenye kioo au kwenye tangi, uliza.
- Kerea ya nyuma. Ikiwa imeongezewa vyuma au imechomelewa upya, ilikuwa inabeba mizigo mizito.
- Kwenye Noah, chungulia chini ya mazulia. Matundu ya ziada ya kufungia viti maana yake viti viliongezwa ili abiria wabanane.
- Mlango wa pembeni wa abiria. Ukiwa umelegea kuliko wa dereva, umefunguliwa na kufungwa mara nyingi sana.

Na hapa chombo cha biashara kina uzuri mmoja ambao cha mtu binafsi hakina: KINA MASHAHIDI. Pikipiki iliyokaa kijiwe fulani miaka miwili inajulikana na kila mtu pale. Nenda kijiweni, kunywa chai, salimia vijana vizuri, kisha uliza, "Vijana wangu, ile Boxer nyekundu ya fulani naiona inauzwa, mnaionaje?" Utasikia yote: ilianguka lini, injini ilifunguliwa mara ngapi, kijana wa kwanza aliiacha kwa nini. Kisha muulize fundi aliyekuwa anaitengeneza. Fundi wa kijijini anakumbuka pikipiki kuliko anavyokumbuka majina ya wenye pikipiki.

4. KUKAGUA: NENDA ASUBUHI KUKIWA NA BARIDI

Sisi wa Ufipa tuna bahati ambayo watu wa Dar hawana, na hiyo ni baridi. Injini mbovu huficha ugonjwa wake ikiwa ya moto. Kwa hiyo mwambie muuzaji utafika saa 12 na nusu asubuhi, na asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka mkono karibu na injini. Ikiwa ya moto, tayari kuna jambo anakuficha. Sema asante, panga siku nyingine.

Kwa pikipiki:

Piga kiki. Ikiwaka kwa mara mbili tatu kwenye baridi la Juni au Julai, vizuri. Ikihitaji kusukumwa, andika kwenye daftari. Tazama moshi. Moshi wa bluu unaoendelea maana yake inakula oili, na hapo ringi au pistoni imechoka. Sikiliza mlio wa kugongagonga ndani ya injini.

Shika tairi la nyuma, lisukume kushoto na kulia. Likicheza, bushi au beringi zimekwisha. Nyanyua mbele, geuza usukani taratibu. Ukihisi unakwama katikati, beringi za usukani zimelika. Angalia meno ya sproketi. Yakiwa yamechongoka kama meno ya papa, cheni na sproketi vyote vinabadilishwa.

La muhimu kuliko yote, angalia FREMU. Lala chini ukiweza. Tazama shingo ya fremu karibu na usukani, na chini ya kiti. Alama ya kuchomelea kwenye fremu ni sababu ya kuondoka. Injini inatengenezeka, lakini fremu iliyovunjika ikikuachia njiani na mzigo wa mteja, unaweza kupoteza maisha na siyo mzigo tu.

Kwa gari:

Fungua kifuniko cha radieta injini ikiwa ya baridi. Ukikuta kitu kama maziwa yaliyochanganyika na oili, gasketi ya juu ya injini ina tatizo, na hiyo ni gharama kubwa. Chomoa kijiti cha oili, tazama rangi na kiwango. Washa, acha iungurume dakika 15, tazama kama joto linapanda kupita kawaida. Kisha endesha kwenye mlima. Gari lililokuwa la abiria linaweza kwenda vizuri kwenye tambarare likiwa tupu, ila mlimani giaboksi na klachi husema ukweli.

Mlipe fundi wako, siyo fundi wa muuzaji, aje kukagua. Pesa unayompa fundi kwa saa moja ni ndogo kuliko injini moja.

5. KIKODI KWANZA KABLA HUJAKINUNUA

Hili wengi hawalifikirii. Chombo hicho kazi yake ilikuwa kukodishwa, si ndiyo? Basi kikodi. Mwambie mwenyewe, "Naomba nikikodi siku mbili, nitakulipa kama anavyokulipa dereva wako. Nikikipenda tutaongea bei."

Tumia kwa kazi yako halisi. Ikiwa unauza maharage, pakia magunia yale yale unayobebaga. Ikiwa unapeleka mafuta ya alizeti, pakia madumu. Pita njia zako za kila siku, za lami na za udongo. Pima mafuta: jaza tanki, endesha, jaza tena, andika kilomita ulizotembea na lita zilizoingia. Kama mita ni mbovu, tumia umbali unaoujua.

Ndani ya siku hizo mbili utajua vitu ambavyo kuizungusha nyumba mara moja hakutakuonyesha. Utajua kama mzigo unakaa vizuri, kama inachemka, na kama wewe mwenyewe unaweza kuimudu. Na kama mwenyewe anakataa kukukodisha kitu ambacho amekikodisha kwa watu miaka miwili, jiulize kwa nini.

6. KARATASI: HAPA NDIPO WATU WANAPOLIA

Chombo kibovu kinakula mtaji kidogo kidogo. Karatasi mbovu inauchukua wote siku moja.

Kwenye vyombo vya hesabu na mkataba, anayeendesha siyo lazima awe mwenye mali. Kadi huwa inabaki kwa tajiri, au kwa taasisi iliyotoa mkopo, mpaka deni liishe. Kijana anaweza kukuuzia pikipiki ambayo amebakiza hesabu za miezi mitatu. Wewe unalipa, wiki ya pili tajiri anakuja na polisi. Kijana yuko Tunduma, simu haipatikani. Hapo huna chombo na huna pesa.

Kwa hiyo:

- Dai kadi halisi, siyo kopi wala picha ya kwenye simu. Jina la kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Ikiwa majina yanatofautiana, mwenye jina aje mwenyewe na asaini mwenyewe.
- Linganisha namba ya injini na namba ya chasesi kwenye chombo na zilizoandikwa kwenye kadi. Tarakimu kwa tarakimu. Ukiona sehemu ya namba imekwanguliwa au imegongwa upya, ondoka.
- Ikiwa ni ya mkataba, omba kuona mkataba wenyewe na uongee na tajiri akuthibitishie kwamba hesabu imekwisha. Mpate tajiri ana kwa ana, maana namba ya simu unayopewa na muuzaji inaweza kupokelewa na rafiki yake.
- Angalia deni la faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi wa TMS kwa kutumia namba ya chombo. Vyombo vya biashara hukusanya faini. Deni lilipwe kabla ya mauziano, au likatwe kwenye bei kwa maandishi.
- Hakiki bima kwenye mfumo wa TIRA kwa namba hiyo hiyo. Ukikata bima yako mwenyewe, mwambie wakala ukweli kwamba utabeba mizigo ya biashara. Ukidanganya kwamba ni ya kutembelea, siku ya ajali ndipo utakapojua umuhimu wa ukweli.
- Andikishaneni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, kila upande na shahidi wake. Lipa kwa benki au kwa simu ili kumbukumbu ibaki.
- Nendeni wote TRA Sumbawanga mkahamishe umiliki. Usikubali ile ya "tutabadilisha tu, wewe endelea kutumia". Mpaka kadi itoke kwa jina lako, sheria inamjua yeye.

Na kwa wale wanaoona matangazo mtandaoni: usitume "kishika nafasi" kwa chombo ambacho hujakiona. Wewe ni muuzaji wa mtandaoni, unajua jinsi picha inavyopambwa. Injini iliyooshwa ikang'aa kama sufuria mpya inaweza kuwa imeoshwa kuficha mahali inapovuja oili.

7. BEI: USIANZE NA BEI YA MUUZAJI

Wengi wanaanza na bei aliyotaja muuzaji halafu wanaomba apunguze. Anza kwingine. Ulizia bei ya chombo kama hicho hicho, umri huo huo, kilichokuwa cha mtu binafsi na kizima. Kisha toa gharama zote za kukifanya kiwe kizima.

Huu ni mfano wa kujifunzia tu. Bei halisi zichukue duka la spea unalolijua.

Tuseme Boxer ya mtu binafsi, nzima, inauzwa 1,800,000. Ya hesabu unayoiangalia muuzaji anataka 1,700,000. Fundi wako amekuandikia:

Matairi mawili: 140,000
Shokapu za nyuma: 60,000
Cheni na sproketi: 45,000
Klachi: 40,000
Breki: 15,000
Oili: 10,000
Ufundi: 40,000
Jumla: 350,000

1,800,000 toa 350,000 unapata 1,450,000. Hiyo ndiyo mwisho wako, na bado hujahesabu kwamba injini yake imekimbia zaidi. Ukinunua kwa 1,700,000 halafu ukatengeneza kwa 350,000, umelipa 2,050,000 kwa pikipiki ya hesabu, wakati ya mtu binafsi ilikuwa 1,800,000. Umenunua rahisi kwa bei ghali.

Ukienda kuongea bei, nenda na karatasi ya fundi mkononi. Usiponde mali ya mtu, maana ukimwambia "pikipiki yako mbovu" atakasirika na biashara itakufa. Sema, "Kaka, pikipiki nimeipenda. Ila fundi ameniandikia hivi vitu, na hizi ndizo bei zake dukani. Nikivitoa, mimi mwisho wangu ni huu." Akikataa, mwachie namba yako uondoke. Januari ya ada za shule inakujaga, na bei hulegea.

8. KABLA YA YOTE: JE, BIASHARA YAKO INAHITAJI CHOMBO SASA HIVI?

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu chombo kizuri kwa wakati mbaya nacho ni hasara.

Endelea na mfano wetu. Pikipiki 1,450,000. Matengenezo 350,000. Kuhamisha umiliki, bima na kofia ngumu tuweke 200,000. Jumla 2,000,000. Hiyo ndiyo bei ya kweli ya pikipiki ya "1,450,000".

Sasa dada mmoja wa mfano anauza maharage na mafuta ya alizeti kutoka Kaengesa. Ana oda 8 kwa wiki za kupeleka mwenyewe, kila moja analipa bodaboda 3,000. Hizo ni 24,000 kwa wiki. Mzigo wa Mbeya na Dar anaupandisha basi, huo hauguswi na pikipiki.

Akiwa na pikipiki yake ataokoa 24,000, lakini atatumia petroli tuseme 10,000, na anatakiwa kuweka pembeni 5,000 ya matengenezo. Kinachobaki ni 9,000 kwa wiki. Gawa 2,000,000 kwa 9,000: wiki 222. Zaidi ya miaka minne kurudisha pesa yake! Na hiyo ni kama haijaharibika kitu kikubwa, na kama anaendesha mwenyewe. Akimlipa kijana wa kuendesha, hakuna kinachobaki.

Jirani yake ana oda 30 kwa wiki. Bodaboda zinamla 90,000. Kwa pikipiki yake atatumia petroli 25,000, aweke pembeni 15,000. Kinabaki 50,000. Gawa 2,000,000 kwa 50,000: wiki 40. Chini ya mwaka mmoja. Huyu anunue, kama chombo kimepita mtihani.

Pikipiki ni ile ile, bei ni ile ile, jibu ni tofauti. Kwa hiyo kabla hujaenda kutazama chombo chochote, chukua daftari, andika kwa wiki nne mfululizo kila shilingi unayotoa kwa usafiri. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walishasema.

Na kama jibu ni "bado", una njia nyingine:

- Kubaliana na bodaboda mmoja mwaminifu bei ya wiki badala ya bei ya kila safari. Yeye anapata uhakika, wewe unapata nafuu.
- Panga siku mbili za kupeleka oda kwa wiki na uwatangazie wateja. Oda tano za njia moja zinakwenda kwa safari moja.
- Ungana na wauzaji wawili watatu wa jirani, mkodi kirikuu siku moja ya kwenda Sumbawanga na kurudi, mgawane gharama.

Na tafadhali, usichukue mtaji wa kununulia bidhaa ukanunua chombo. Msimu wa mavuno, maharage na mahindi yanapokuwa bei ya chini, pesa yako inatakiwa iwe kwenye mzigo. Pikipiki iliyopaki nje ya stoo tupu haiuzi kitu. Ikiwa unachukua mkopo wa kikundi, hakikisha marejesho ya wiki hayazidi pesa ambayo chombo kitaokoa kwa wiki. Kwa yule dada wa oda 8, marejesho yakizidi 9,000 tu ameanza kulipa deni kwa pesa ya maharage.

KWA KIFUPI

Nunua chombo kilichokuwa cha kukodisha kama haya yote manne yapo: unajua nani alikuwa analipia matengenezo na amekupa majibu ya kueleweka, fundi wako amekikagua kikiwa cha baridi na fremu ni nzima, kadi na jina vinalingana na mwenye mali amekubali kwenda TRA, na bei ukijumlisha matengenezo bado iko chini ya kile cha mtu binafsi.

Likikosekana la kwanza, mpe fundi muda zaidi wa kukagua. Likikosekana la nne, omba bei ishuke. Likikosekana la pili au la tatu, usijadili bei. Ondoka.

Wewe umeshawahi kununua chombo kilichokuwa cha hesabu au mkataba? Tuambie kwenye komenti: nani alikuwa anakitunza, na wewe kilikudumu muda gani? Majina ya watu tusiyataje, tujifunze tu. Na kama kuna mwenzako yuko kwenye hatua ya kulipa wiki hii, mtumie posti hii kabla hajatoa pesa.

Kazi njema.